Kisanduku Kilichovishwa Koti

Chumba cha mashuka cha hoteli kilikuwa na makabati matatu na meza ya kupigia pasi, na ukutani juu ya meza hiyo kisanduku cheupe chenye taa ya kijani. Mtandika vitanda alikuwa amefanya kazi chini ya taa ile mwaka mzima bila kuijali. Sasa alikuwa na mimba ya miezi sita, na mgeni wa chumba cha kumi na mbili alikuwa amemtia hofu.

Mgeni huyo, mama wa makamo aliyekuja kwa semina ya wiki mbili, aliamka kila siku kichwa kinamgonga. Alisema ni mionzi ya intaneti. Hoteli imejaa visanduku vya kurusha mtandao, halafu watu wanashangaa hawalali. Asubuhi moja akapita pale mlangoni, akaona tumbo, akanyoosha kidole juu.

"Na wewe mwanangu unasimama chini ya kitu kile kutwa? Na hali yako hiyo?"

Maneno yale yakamkaa rohoni. Mimba mbili za kwanza zilitoka, na hakuna aliyemwambia kwa nini. Mumewe alisema kama ni hivyo aache kazi, watabangaiza. Kazi hakutaka kuiacha, na mtoto huyu ndiye kabisa hakutaka kumpoteza. Siku ya tatu akaomba jikoni karatasi ile ya kung'aa ya kufunikia vyakula, akapanda kiti na tumbo lake, akakivika kisanduku mpaka taa isionekane. Akamnong'oneza mgeni kwamba ameshakidhibiti.

Kesho yake mgeni alitoka chumbani uso umemtakata. Amelala fofofo, kichwa chepesi. Akamshika mkono, akamuuliza kama ameona sasa. Mtandika vitanda ameona. Kama ni kweli, mtoto wake amekaa chini ya kile kitu miezi yote sita.

Siku hiyohiyo akaja fundi wa mtandao kwenye ukaguzi wake wa mwezi. Aliingia kuchukua ngazi, akatazama juu, akacheka mpaka akashikilia mlango.

"Dada, chaja ya taa za dharura umeivalisha koti la nini? Inasikia baridi?"

Mtandika vitanda akamweleza yote. Fundi aliacha kucheka habari ilipofika kwenye zile mimba mbili. Akampeleka koridoni, akamwonyesha kisanduku chenyewe cha mtandao: kiko darini, mbele ya mlango wa kumi na mbili, na hakijazimwa hata dakika. Alisema mawimbi yake ni hafifu kuliko ya simu anayoibana sikioni, lakini habari za mtoto asimsikilize fundi, akamuulize mkunga.

Mtandika vitanda alipoingia kumi na mbili kutandika, akasimama akaangalia. Siku zote alikuta dirisha limekomewa, taulo limesokomezwa chini ya mlango, hewa nzito, blanketi limevutwa hadi juu ya mito. Mama wa watu alikuwa akijifunika gubigubi kujikinga na mionzi. Leo dirisha liko wazi na blanketi liko miguuni. Mgeni aliporudi mchana, akamweleza taratibu. Yule mama akalitazama dirisha, kisha blanketi.

"Kwa hiyo nilikuwa najipika mwenyewe?"

"Ndiyo, mama. Tena kwa mvuke."

Mgeni alicheka mpaka akaketi kitandani.

Mtandika vitanda alipotoka kazini alipitia kliniki. Mkunga alimpapasa tumbo, akamsikilizisha mapigo ya moyo wa mtoto, yanakwenda mbio kama mtu anayewahi jambo. Alisema kisanduku cha intaneti hakimtishi hata kidogo. Kinachomtisha ni mwenye mimba kusimama kutwa na kupanda viti, na hilo akalitilia mkazo kwa kidole.

Langoni akampigia mumewe simu.

"Siachi kazi," akasema. "Mtoto mzima. Nimemsikia."

Upande wa pili akasikia mtu akishusha pumzi ndefu, na kiti kikilia kwa kukaliwa.