Mistari Yenye Jina la Volkmar

Kabla ya kwenda baa, Wiebke alipita kanisani akamwomba Mungu ampe ulimi mpole. Masikio ya wenzake hakuyaombea, na hapo ndipo alipokosea.

Waandishi wa programu huria za kompyuta wa mji wa Kassel, Ujerumani, walikutana kila mwezi katika chumba cha nyuma cha baa ileile. Anayeingia hapeani mkono na kila mtu. Hugonga meza kwa vifundo vya vidole, na wote huwa wamesalimiwa. Wiebke aligonga, akaketi mbele ya Volkmar, rafiki yake tangu chuoni, aliyekuwa akila viazi kwa mchuzi wa majani mabichi.

"Umekuja na kesi yako," alisema Volkmar. "Naiona usoni, dada."

"Nimekuja na habari za mama yangu. Januari nzima amelala na koti kwa baridi."

Pale mezani hakuna asiyekijua kisa hicho. Kisanduku kinachoongoza joto katika nyumba ya wazee anamoishi mama huyo kilikwama, na kampuni iliyokiuza ikasema nunueni kipya. Wiebke alipokichunguza alikuta ndani yake programu aliyoiandika mwenyewe na kuitoa bure, kwa sharti moja: ukiibadilisha na kuiuza, uwape wanunuzi mabadiliko yako ili nao waweze kuitengeneza. Kampuni ilibadilisha, ikauza, na mabadiliko ikayafungia. Barua zake hazikujibiwa.

"Wakili yuko tayari," alisema. "Ila jaji atauliza mistari ipi ni yangu, na kumbukumbu zinasema yote ni yako."

Mtu mmoja alichekea ndani ya bilauri yake. Zamani Volkmar alikuwa mtunzaji wa programu ile, akakerwa na nafasi zilizopangwa ovyo mwanzoni mwa mistari. Akazinyoosha zote, na mashine ikaandika jina lake kwenye kila mstari aliougusa. Kumbukumbu za kabla ya hapo zilipotea walipohamia hifadhi mpya.

"Ulisogeza nafasi tu, Volkmar. Niandikie hivyo, utie sahihi."

"Nafasi zako zilikuwa aibu, we Wiebke."

"Andika na hilo."

Volkmar aliweka uma chini. "Sikiliza. Ukiwaburuta hawa mahakamani, kampuni nyingine zitatukimbia. Zitanunua programu zilizofungwa, na hapo hutaambulia hata mstari wa kuusoma. Watu huvutwa kwa maneno, taratibu."

"Nimevuta mpaka kamba imenichuna mikono. Sharti lisilodaiwa ni ombi tu."

"Si wewe ndiye mtu wa maombi?"

"Namwomba Mungu. Hawa nawadai."

Meza ikagongwa; ndivyo wanavyopiga makofi. Moyo wa Wiebke ulichangamka. Kisha Volkmar akasema kwamba nusu ya waliomo chumbani wanaajiriwa na kampuni kama hiyohiyo, na je, kesho nani atawaajiri? Wakamgongea naye, kwa nguvu zilezile. Wiebke alitamani kuipindua meza. Watu gani hawa, wanaogongea kila upande halafu wanarudi kwenye bia?

"Kwa hiyo huandiki?"

"Siandiki."

"Basi utaitwa shahidi. Utaapa."

"Utaniburuta na mimi?"

"Jaji akikuuliza, utasema nini?"

"Nitasema ni yako. Nifanye nini, niseme uongo? Unanijua."

"Nakujua. Ndiyo maana nakuita."

Volkmar alivaa koti lake. Anayeondoka naye hugonga meza, kuwaaga wote kwa mara moja. Alisimama na ngumi yake juu ya mbao, kisha akaitia mfukoni na kutoka. Wote walijua asiyeagwa ni nani, ingawa hakuna hata mmoja aliyeagwa.

Wiebke alikuwa amempata shahidi ambaye jaji asingeweza kumtilia shaka. Alitaka kumshukuru Mungu, lakini maneno yakagoma. Mbele yake viazi vya Volkmar vilikuwa vinapoa, nusu sahani, na hakuna aliyethubutu kuiondoa.