Mguu Uliotangulia Nyahanga

Ninachokusimulia hutakiamini, na sikulaumu, maana hata mimi niliposimuliwa niliomba kirudiwe. Ila walioona hawakushangaa hata kidogo. Kwa hiyo tulia kwanza.

Mwaka hamsini na tatu, Jumapili mchana, timu ya shimoni ilikuwa inacheza na timu ya kinu cha kusagia mawe, kwenye kiwanja cha mgodi mmoja wa dhahabu magharibi ya Kahama. Kiwanja chenyewe kilikuwa vumbi la mawe yaliyosagwa. Mihayo, mchimbaji, alicheza winga ya kushoto, peku kama wenzake. Cornel, nyapara wa kinu, alicheza na buti za kazi, zile zenye chuma puani. Mpira ulikwenda kushoto, buti ikaufuata, kifundo cha mguu wa Mihayo kikalia kama kuni kavu. Cornel akampa pole, halafu akadai faulo iwe ya kwao.

Daktari wa mgodi alimpasua, akaushika mfupa kwa skrubu, akamfunga plasta nyeupe, ile watu wanaita mhogo. Akasema mhogo hauvunjwi mpaka mfupa ushike. Na sheria ya mgodi ilisema mtu mwenye mhogo havuki geti, kwa sababu zamani mmoja alivuka nao, wakaja kuambiwa ulikuwa umejaa dhahabu. Wanawake nao hawakuruhusiwa kuingia. Mihayo akalala wodini, ndani ya uzio, anahesabu mabati ya dari.

Siku moja Cornel akarudi kutoka likizo kwao Nyahanga, kijiji kimoja na Mihayo, akapita wodini.

"Mkeo kajifungua," alisema. "Wa kike. Masikio yako yale yale, maskini mtoto wa watu."

Mihayo akacheka. Kwenye ukoo wao mtoto hatolewi nje mpaka baba yake aingie kwa mguu wake, amkute ndani. Cornel akamwambia ukweli kwamba mkewe Mbuke na mtoto wamo kwenye nyumba yenye moshi, mtama umeiva shambani, ndege wanakula, na mama yake Mihayo anakaa mlangoni kuhakikisha hakuna anayetoka. Akauliza watamwambia nini yule mama. Mihayo akasema mwambie nakuja.

Jioni ile mguu wake ukatoka kwenye mhogo. Ulitoka kuanzia kifundo kushuka chini, na nyuzi zake za mshono, ukateremka kitandani ukaenda. Dresa wa wodi, mzee Selestine, alikuwa anagawa uji. Akaupisha. Baadaye akaja akajaza pamba kwenye mhogo usije ukabonyea, akamuuliza Mihayo kama anasikia baridi.

"Nasikia umande," Mihayo akajibu.

Getini alikuwepo askari Athanas, mtu wa kufuata sheria. Akausimamisha mguu, akaukagua katikati ya vidole, akapapasa ile skrubu. Akaridhika ni chuma, maana mgodi usingemwachia mtu kama Mihayo kitu kingine. Kuhusu mhogo, mguu haukuwa nao. Akaufungulia.

Kutoka pale mpaka Nyahanga ni mwendo mrefu, ila mguu peke yake haubebi mtu, ulifika watu hawajamaliza kula. Mama yake Mihayo aliutambua kwa ukucha wa kidole gumba, ule aliokatwa na jembe wakilima na vijana wenzake kwa ngoma.

"Mwadila, baba," akausalimia. Kisha akaukagua. "Huu wa kushoto. Mtu anaingia kwa mguu wa kulia."

Mbuke akajibu akiwa ndani, "Mama, mwanao hata mpira anapiga kwa kushoto. Angekuja na wa kulia ndiyo ningekataa mimi."

Yule mama akafikiri, akasogea mlangoni. Mguu ukaingia, ukakaa kando ya mtoto. Asubuhi mtoto akatolewa nje, akaitwa Milembe, na Mbuke akaenda kuvuna mtama uliobaki.

Kutoka siku ile mguu ulikwenda kila jioni na kurudi alfajiri, unanukia samli, kwa sababu Mbuke aliukanda. Mihayo akiwa kitandani alisikia kila kitu. Alisikia kizingiti cha nyumba yake. Alisikia kiganja cha Mbuke, kimeota sugu mpya ambayo hakuijua. Alisikia vidole vidogo vimeshika kidole chake gumba, havikiachii. Lakini mguu hauna macho. Alimuuliza Selestine kama mtu anaweza kujua sura kwa kushikwa kidole. Selestine akamwambia hajawahi kusikia, ila ajaribu.

Ikaja siku ya kuvunja mhogo. Akipona anarudi shimoni mpaka mkataba uishe, na mkataba ulikuwa bado mbali. Asipopona, mgodi unamrudisha mtu kwao. Kwa hiyo alfajiri ile Mihayo hakuuita mguu. Kuuita ilikuwa kazi ndogo tu, kujikaza kama anakunja kidole, nao ungekuja. Akatulia.

Daktari akavunja, akakuta pamba. Akamwita meneja. Meneja akamwita Athanas, na Athanas akaeleza kwamba mguu aliukagua na ulikuwa safi. Meneja akasema safi si hoja. Mguu uliingia mkataba pamoja na mwenzake, umetoka bila ruhusa, kwa hiyo ni mtoro. Mihayo hatavuka geti mpaka mtoro arudi amalize kazi. Wakampa fimbo na kigoda, wakamweka nyuma ya kinu anoe patasi za kutobolea mwamba. Cornel akawa nyapara wake, na Jumapili akitoka uwanjani anamsimulia magoli ambayo hayakufungwa.

Mtama ukaiva tena, Mihayo bado yuko kwenye kigoda. Nyahanga mguu unakaa kizingitini, kuku wameuzoea. Milembe ameanza kusimama. Jioni anaushika, anapanda juu yake kwa nyayo zake mbili, na mguu unapiga hatua naye taratibu, hatua moja, nyingine, uani kote. Mihayo anaacha kunoa. Anasikia ule uzito, unazidi kidogo kila mwezi, na anajua kabisa siku mtoto anapokuwa na homa.

Akiuita, unarudi. Atashuka nao shimoni, amalize mkataba, siku moja atoke getini kwa miguu yake miwili akamwone mwanawe, kama shimo litakuwa limemwachia. Asipouita, Milembe atajifunza kutembea juu ya baba yake, na baba yake hatamwona. Mara nyingine anaanza kukunja kile kidole. Halafu anasikia mtoto anapanda.

Wewe ungeuita?