Bei ya Nyumba ya Mwalimu

Siku ambayo mthamini wa nyumba alikuwa aje, nilifagia uani mara tatu kabla jua halijafika dirishani. Roho ilikuwa juu juu. Mdogo wangu, tuliyenyonya naye ziwa moja, macho yake yanafifia, na nyumba iliyopakana na yake ilikuwa inauzwa milioni sabini. Mwenye nyumba hiyo alikubali kunisubiri mpaka Ijumaa, na siku hiyo ilikuwa Jumatano. Sikuwa na mali nyingine ila nyumba hii aliyoniachia marehemu mume wangu: vyumba vitatu, jiko na uani, imesimama peke yake bila kuegemea ukuta wa mtu.

Mnunuzi nilikuwa naye. Aliletwa na dalali wa mtaa wetu, ambaye wote tunamwita Chapchap. Lakini mnunuzi huyo alikuwa na neno moja tu: atalipa thamani atakayoandika mthamini, na hataongeza hata senti.

"Bibi, usijipe matumaini sana," Chapchap aliniambia tukiwa tumekaa barazani tunasubiri. "Nyumba ya mwalimu ni pacha wa hii. Mwaka jana imekwenda hamsini na mbili. Yako, nikikuvutia sana, hamsini na tano."

"Wewe ni dalali wangu au wa mnunuzi?"

"Mimi ni wa ukweli, bibi."

"Basi njaa itakuua."

Alicheka, mimi sikucheka. Hamsini na tano ni kumwacha mdogo wangu apapase kuta peke yake.

Mthamini alikuwa binti wa rika la wajukuu zangu. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alipima kila chumba, akagonga kuta kwa kidole, akapanda ngazi kuangalia mabati. Penye ufa nyuma ya jiko hakukunja uso, aliuandika tu. Chapchap hakuombwa na mtu, lakini alipiga magoti kwenye vumbi na suruali yake nyeupe, akamshikia ncha ya futi. Niliona, nikamsamehe nusu ya maneno yake.

Kisha binti akakaa mezani, akatandaza karatasi.

"Bibi, bei siitoi kichwani. Natafuta nyumba kama hii zilizouzwa hapa karibu. Naangalia ziliuzwa lini, kwa kiasi gani, na zinapishana wapi na yako. Nimepata nne. Daftari la mauzo linanipa bei, lakini haliniambii kilichotokea."

"Kilichotokea niulize mimi," nikasema. "Nimeishi hapa miaka arobaini na moja."

Akaanza na ya mwalimu. Hamsini na mbili. Chapchap akanitazama kama aliyeshinda karata.

"Hiyo aliuziwa muuguzi," nikasema. "Mke wa mwalimu alilala kitandani miaka miwili. Yule muuguzi akitoka kazini alipita kila jioni, akamgeuza, akamwosha, na hakutaka hata nauli. Mwalimu alipohama watu walimtajia bei nzuri, akawakatalia. Alimwambia muuguzi, toa ulicho nacho. Chai ya siku ile niliipika mimi, na maneno hayo niliyasikia."

Binti aliweka kalamu chini. Macho yalimng'aa.

"Kwa hiyo si bei ya soko!"

"Ni shukrani, mwanangu."

"Shukrani siwezi kuipigia hesabu." Akapiga mstari juu ya nyumba ya mwalimu.

"Ngoja kwanza!" Chapchap alisimama. "Mimi bei hiyo naitumia mwaka mzima!"

"Umewapunja wangapi?"

"Bibi, maswali mengine hayaulizwi mbele ya wageni."

Ya pili ilikuwa ya fundi cherehani. Iliuzwa sitini, miaka minne iliyopita, kwa mtu baki. Binti alisema tangu hapo bei zimepanda, kwa leo ni sawa na sabini na mbili. Ya tatu ni ya mwenye bucha, sabini na nne mwaka huu, lakini ina chumba kimoja zaidi. Akapunguza tatu, ikabaki sabini na moja. Nikashika ukingo wa meza.

"Na ya nne, ile ya pembeni, tisini! Bibi, tukizichukua hizi tatu, unakaribia sabini na nane!"

Chapchap alipiga makofi. Nami nilishaona mlango wa nyumba ya jirani ya mdogo wangu. Ila habari za nyumba ya pembeni pia nilikuwa nazo. Ningenyamaza, nani angejua? Lakini binti huyu aliniamini niliposema habari zilizonifaa.

"Mwanangu," nikasema, "tisini ile ilikuwa pamoja na vitanda, makabati, friji, na gari lililokuwa uani. Mwenyewe alikuwa anahamia mbali, akaondoka na sanduku la nguo tu."

Chapchap alishika kichwa. "Bibi! Mdomo huo hauna mlango?"

Binti akaigeukia karatasi. Aliuliza gari lilikuwa la namna gani na la zamani kiasi gani. Nikamweleza, pamoja na vitanda na lile friji lililokuwa likinguruma. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Sikuweza kutazama karatasi. Nilitazama vidole vyake.

"Natoa kumi na nne," alisema. "Inabaki sabini na sita. Sabini na sita, sabini na mbili, sabini na moja. Zote ziko jirani jirani, bibi. Hivyo ndivyo napenda zikae. Nyumba yako naiandika sabini na tatu."

"Sema tena."

"Sabini na tatu. Na nikiulizwa popote, naweza kuitetea."

Nilimkumbatia na kalamu yake mkononi. Chapchap alikuwa keshafika uani, simu sikioni, anamfokea mnunuzi kwa furaha: "Sabini na tatu, bosi, na neno lako ni neno!" Akasikiliza jibu, kisha akanigeukia na kuinua dole gumba.

Nikampigia mdogo wangu.

"Dada, mbona unahema? Umeanguka?"

"Nahamia jirani yako."

Nikasikia anavuta kamasi.

"Lini?"

"Ijumaa nalipa. Jumamosi nabeba vitu."

"Vitu vitakufuata," akasema. "Wewe njoo Ijumaa hiyo hiyo. Ulale kwangu."