Maziwa Kabla ya Mbio

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, na nawaambia mapema ili msihangaike kumtafuta mwingine.

Gaju, binti wa marehemu kaka yangu, alikuwa akikimbia mita elfu tatu pale uwanja wa Kakiika, Mbarara. Asubuhi mchujo, alasiri fainali, na wawili wa kwanza wanaingia timu inayokwenda Kampala. Mwaka mzima alikuwa amekimbia njia za vumbi za Juru, huku kwetu kambi ya wakimbizi ya Nakivale, katikati ya mashamba ya maharage, mpaka waendesha boda wakawa wanampigia honi kama mwenzao. Timu hiyo ndiyo aliyokuwa akiiwaza usiku na mchana.

Mwalimu wake ni jirani yetu Ancilla, Mrundi aliyekimbia sana ujanani kwao Ngozi na ambaye mpaka leo anatembea kama mtu aliyechelewa. Alinionya mapema: "Muhirwa, mutoto atakula uji mwepesi na ndizi, basi. Usilete mambo yako."

Mambo yangu! Sisi Wanyamulenge ni watu wa ng'ombe. Kwetu mgeni hupewa maziwa, mgonjwa maziwa, bibi harusi maziwa. Leo mimi nimpeleke mtoto vitani na uji? Nikabeba jerikani ya maziwa ya mgando pamoja na nkongoro, kile chombo chetu cha mti cha kunywea.

Ancilla alipokwenda kuchukua namba ya kifuani, nikamimina mpaka juu. "Kunywa, mutoto wangu. Hii ndiyo nguvu ya kwetu."

Gaju akautazama uwanja, akanitazama mimi. "Baba mudogo, saa hii?"

"Saa hii."

Maziwa kutoka mkono wa mzazi hayakataliwi. Akapokea kwa mikono miwili, akanywa yote. Nikamwongezea. Akanywa tena, safari hii amefumba macho.

Alianza vizuri. Katikati ya mbio akashika ubavu. Wasichana wakampita mmoja mmoja, na mimi bado napiga kelele, "Maziwa yanakuja! Yanakuja!" Kweli yalikuja. Alivuka mstari wa mwisho kwenye nafasi ya mwisho ya kuingia fainali, akapiga magoti pembeni, akayarudisha yote kwenye nyasi.

Ancilla alinusa nkongoro.

"Ungeleta ng'ombe mwenyewe amupande," alisema. "Angefika mbele zaidi."

Kwa mara ya kwanza niliwaza Kampala bila Gaju, na mimi ndiye niliyemfungia njia.

"Maziwa ni mazito, yanakawia tumboni," Ancilla aliendelea. "Tumbo likifanya kazi, miguu inabaki na nini?" Akachanganya maji na sukari kidogo na chumvi ya kubana kwa vidole, akanikabidhi chupa. "Anywe kidogo kidogo. Humwagilii kabichi."

Basi nikawa mshika chupa. Tumbo la Gaju lilipotulia, alipewa viazi vichache vya kuchemsha, havina mafuta. Muda mrefu baadaye, ndizi mbivu moja. Alipoomba ya pili Ancilla alikataa. Ile jerikani niliimaliza mwenyewe kivulini, maana maziwa hayamwagwi, na nikajuta kivyangu.

Fainali ilikuwa na binti mmoja kutoka Kapchorwa, kule milimani wanakotoka wakimbiaji, anayesoma Mbarara. Aliondoka kama amesahau jiko linawaka. Gaju akamfuata. Mzunguko baada ya mzunguko wengine walibaki nyuma, yeye hakubaki. Walivuka mstari wamefuatana karibu sana, Gaju wa pili, na kipaza sauti kikatangaza jina lake na kusema, "Kutoka Nakivale!" Wazee wa Mbarara nisiowajua walisimama kupiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshaingia uwanjani na chupa yangu, nalia mbele ya watu, wala sikujali.

Jioni, tukingoja boda za kurudi Juru, uungwana ukanitoka.

"Museme munavyotaka," nikasema. "Mababu zetu balitembea na ng'ombe kwenye milima yote ya Minembwe kule Kongo, hawakuonja hata ndizi moja. Maziwa tu! Nani aliwashinda?"

Ancilla alifungua kinywa, lakini Gaju alimtangulia.

"Baba mudogo, bale walikuwa nyuma ya ng'ombe, na ng'ombe anasimama kula majani. Mimi nilikuwa nyuma ya binti wa Kapchorwa. Yule hasimami."