Nywele za Karani

Boadi alikwenda vitani na viatu vya ngozi na kalamu mbili mfukoni, na mji mzima wa Nkwantakrom ukajua kwamba huyo hafi. Wanaokufa ni wabeba bunduki. Karani huuawa na uzee, au na kuvimbiwa. Kabla ya vita alikuwa akiandika uzito wa magunia ya kakao pale mizanini, na jeshi lilipomchukua lilimkalisha tena kitini, safari hii India, nyuma kabisa ya mapigano, mbele ya mashine ya taipu. Jirani yake, Yaw Sarpong, ndiye aliyepelekwa Burma kubeba masanduku ya risasi kichwani.

Siku ya kuondoka, mama yake Sarpong, Bibi Fosuaa, alimvuta Boadi kando ya lori.

"Karani, wewe utakuwa unajua nani kafa na nani mzima."

"Mama, usiseme hivyo. Yaw atarudi."

"Sijakuuliza hilo. Akifia huko, niletee nywele zake na kucha. Usiniache na kilio kisicho na kaburi."

Kwetu ndivyo tulivyo. Mtu akifia mbali, nywele na kucha zake hurudi nyumbani, zikaliliwa na kuzikwa badala ya mwili. Zisiporudi, marehemu hajafa wala hajapona, anazurura tu. Boadi akaapa. Ngoma zinalia, lori linanguruma, wasichana wanatazama: nani asingeapa?

Habari za Sarpong zilimfikia mezani asubuhi moja ya mvua, mstari mmoja katikati ya mistari mingine. Akaupiga taipu. Kisha akasimama mbele ya kapteni wake, Mwingereza mwenye masharubu mekundu, akaomba ipelekwe habari mbele huko, wenzake wamkate marehemu nywele kidogo tu.

"Hapa ni ofisi ya jeshi," kapteni akamuuliza, "au kwa kinyozi?"

Waliokuwamo wote wakacheka. Boadi naye akacheka, maana mkubwa akicheka karani hucheka. Matusi ya jeshi aliyasahau yote, lakini kicheko kile chake mwenyewe kilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Vita vikaisha. Melini, njia nzima ya kurudi, chakula hakikumpita. Pwani ya kwao ilipoanza kuonekana akamwendea askari mmoja mwenye wembe, akanyolewa upara. Halafu akapiga magoti akaziokota nywele zake mwenyewe, akakata na kucha, akafunga vyote kwenye leso nyeupe.

Bibi Fosuaa alinyoosha mkono kabla hata ya salamu. Boadi akaiweka leso kiganjani.

"Hakuteseka, mama," akasema. Hakuwa na hakika, ila aliona leso peke yake inakaa vibaya.

Kilio kilikuwa kikubwa. Bunduki zikapigwa, watu wakavaa nyekundu na nyeusi, wanawake wakalia mpaka sauti zikakauka, wajomba wakanywa tembo la mchikichi mpaka wakasahau aliyekufa ni nani. Leso ikazikwa katika kijeneza kidogo.

Matanga yalipokwisha, bibi akaja uani kwa Boadi.

"Karani, hivi mwanangu alikuwa mzee?"

"Mzee wapi, mama? Kijana mbichi."

"Na mvi alizitoa wapi?"

Boadi akajishika kichwa. Nywele zilikuwa zinaota upya, nyeusi kwa nyeupe, kila mtu anaziona.

"Vita vinazeesha, mama."

"Vinazeesha! Hadi vinamwotesha mtu nywele za jirani yake." Akavuta kigoda akaketi. "Sasa nisikilize. Nimeshakuzika, kwa hiyo wewe ni wangu. Shamba langu la kakao lina majani hadi kiunoni. Ukikataa, naenda kwa mjomba wake Yaw, tukafukue."

Kufukua! Hapo kuna kondoo wa kafara, kuna kuitwa mbele ya baraza, na ukoo mzima kupita njiani umeinamisha macho. Boadi akavua viatu vya ngozi, akachukua panga.

Msimu ukaja, ukaenda, ukaja mwingine. Wapimaji wa mizanini wakapata mtu wa kumcheka: "Karani, gunia hilo leo huliandiki, unalibeba?" Nyumbani mkewe, Pokuaa, naye alikuwa na lake: "Wenzangu walioolewa na wakulima angalau waliambiwa mapema."

Kisha ofisi moja ya mjini Kumasi ikamwita. Kiti, meza, feni juu ya kichwa. Bibi Fosuaa aliposikia akasema, "Nenda. Na mimi nitakwenda kwa mjomba."

Usingizi ukamkataa Boadi. Mwishowe akaona afadhali ajipeleke mwenyewe. Akaenda kwa huyo mjomba, mzee Amoateng, akapiga magoti, akayatapika yote: kapteni, wembe, leso.

Mzee alicheka mpaka akakohoa.

"Mvi zile? Tuliziona wote, Karani! Kijeneza nilikifunga mimi."

"Mliziona, na bunduki mkapiga?"

"Sasa tungefanyaje? Mama wa watu alitaka kulia, tukamwacha alie. Na alitaka mtu wa kumlimia. Sisi wajomba migongo inatuuma." Akacheka tena, akajishika mgongo.

Boadi alitoka pale kwa hasira. Alimkuta Bibi Fosuaa ameinama juu ya mkeka, anageuza kakao aliyoianika juani.

"Mji mzima unajua!" akafoka. "Umenitumikisha kama punda kwa siri isiyo siri!"

"Nimekutumikisha," bibi akasema. "Na sasa umejua. Nenda Kumasi kwako."

Boadi hakutegemea iwe rahisi hivyo. Akabaki amesimama.

"Ila jambo moja," bibi akasema. "Siku zote hizi shambani nilikuwa nakungoja. Nilijua siku moja tukikaa kupumzika utaniambia mwenyewe. Mwanangu alikufaje?"

Maneno Boadi alikuwa nayo tele. Aliwapigia taipu maofisa barua nyingi za kuwatuliza wazazi: shujaa, mbele ya wenzake, bila maumivu. Yakamjaa mdomoni yote. Akayameza.

"Sijui, mama. Sikuwapo. Ulikuwa mstari mmoja, nikaupiga taipu."

"Ulisemaje?"

Akamwambia. Namba, jina, ameuawa, na mto ambao hata kuutamka hajui.

"Basi?"

"Basi."

"Hata haukusema kama palikuwa na mtu karibu yake?"

"Haukusema."

Barabarani lori la Kumasi likapiga honi. Bibi Fosuaa akarudisha mkono kwenye kakao yake.

"Sogea basi," akamwambia. "Umeniziba jua."