Uso wa Nicanor Kwenye Mwezi wa Nane

Kalenda ile ilikuwa imetundikwa ukutani kwa Aluoch tangu Januari, na kwa miezi saba hakuna aliyejua kilichokuwa kikingoja chini yake. Nani hufunua kalenda mbele? Watu wa Soweto West, Kibera, wana haraka ya mambo mengi, lakini si ya kuuona mwezi ambao haujafika. Basi tarehe moja Agosti, asubuhi, Aluoch akapindua karatasi, akatazama, akaweka kikombe chake cha uji chini, akatoka kumwita jirani yake Christine. Alimshika mkono tu, akamsimamisha mbele ya ukuta.

Christine akamwona mume wake. Nicanor, fundi wa tiles na mwalimu wa kwaya kwa miaka ishirini, ameketi kitandani na fulana iliyochanika kwapani, mdomo umepinda, mkono wa kushoto juu. Chini ya picha, kwa herufi nyekundu, paliandikwa: "Ndugu wa Kibera, mtumwa wa chang'aa, akiiacha pombe na kumpokea Yesu." Juu ya picha kulikuwa na jina la kanisa moja la Kawangware na neno la mwezi huo, Huruma.

Tuelewane kuhusu Nicanor. Mtu huyo hajawahi kuonja pombe. Aliokoka akiwa na miaka kumi na saba, kwao karibu na ziwa, na tangu siku hiyo hata kwenye matanga, ambako wanaume hawakosi mtungi wa pombe, yeye alikuwa wa chai ya rangi. Mwaka jana kiharusi kilimwangusha kazini akipanga tiles. Kilimchukulia mkono wa kulia, nusu ya mdomo na karibu maneno yote. Akitaka kusema "maji" inambidi aanze mara tatu. Akitembea hushika ukuta. Mtu mwenye macho na muda wa kuuliza swali moja tu angejua kwamba huyu ni mgonjwa.

Lakini wageni wale walikuja na majibu yao kutoka nyumbani. Ilikuwa Oktoba. Kina mama na wazee wa kanisa walizunguka Soweto West na unga na mafuta ya kupikia, na Christine siku hiyo alikuwa mtaa wa Nyayo Highrise akiwafulia watu nguo. Walimkuta Nicanor mlangoni, anayumba, ulimi mzito, saa nne asubuhi, Kibera. Wakajumlisha, wakapata mlevi. Ndivyo ilivyo: mtu wa mitaa mingine akiyumba hukimbizwa hospitali, wa Kibera akiyumba amekata maji. Wakamketisha kitandani, wakamwombea. Mmoja wao alipouliza kama anataka maisha mapya, Nicanor aliinua ule mkono uliokuwa bado unainuka, kwa sababu katika kanisa lake anayeombewa huinua mkono, awe anaombewa malaria au safari ya Kisumu. Simu zikampiga picha.

Jioni Christine alirudi akakuta unga mezani na mume wake akitabasamu kwa upande mmoja. Wameniombea, alimwambia, na kulisema hilo kulimchukua dakika nzima. Christine akapiga magoti, akawaombea watu wale baraka. Hilo ndilo lililomchoma baadaye kuliko mengine yote, kwamba aliwashukuru.

Kalenda zile wageni walizigawa Januari waliporudi, bure, na bure haikataliwi. Kwa hiyo nusu ya majirani walikuwa nazo ukutani, na wote walipindua karatasi wiki ile ile. Kufika Jumapili habari ilikuwa imefika kanisani kwao, lile kanisa dogo la mabati ambalo Nicanor mwenyewe alilipangia tiles madhabahuni bila kulipwa. Siku hiyo palikuwa na meza ya Bwana. Sinia ya mkate ikapita kwa Christine, ikafika kwa Nicanor, na mkono ulioibeba ukamruka, ukaipeleka kwa anayefuata. Nicanor akabaki ameinua kiganja.

Baada ya ibada Christine alimfuata mwinjilisti wao, Urbanus, mpaka nyuma ya kanisa.

"Mama Whitney, usikasirike," Urbanus alisema. "Wazee wameketi. Ndugu Nicanor apumzike kidogo meza ya Bwana mpaka atubu."

"Atubu nini?"

"Si unajua. Lisemwalo lipo, kama halipo laja."

"Urbanus, wewe ulikuja hospitali. Ulimwona na mpira wa kulishia puani."

"Nilimwona, mama. Lakini hiyo ni kanisa kubwa. Hawawezi andika tu vitu." Akatazama viatu vyake. "Lete barua kutoka kwao iseme walikosea. Nitaisoma mbele ya watu wote, na Jumapili ijayo atapewa mkate."

Hebu fikiria. Miaka ishirini ya kumjua mtu, na macho yako mwenyewe hospitalini, vyote vishindwe na karatasi yenye rangi. Christine alitaka kumwambia hivyo, lakini akageuka, akaenda kumshika mume wake mkono. Nyumbani Nicanor aliketi akiutazama ukuta, akasema neno moja, akaanza tena, akalimaliza. "Mimi?" aliuliza. Machozi yalimtoka jicho moja na kamasi puani, na hakuwa na mkono wa kujipangusa vizuri. Christine akampangusa kwa leso yake.

Kesho yake alitoka Kibera kwa miguu hadi Kawangware. Kanisa alilipata kwa urahisi, maana lilikuwa kubwa kweli, na mlinzi akamwelekeza kwa mwenyekiti wa kina mama, Nduta, mke wa mzee wa kanisa Gerishon. Wawili hao waliishi nyuma ya ploti zao za kupangisha, katika nyumba yenye lango la chuma. Nduta alikuwa mwanamke mwenye uso mwema, na hapo ndipo palikuwa na shida, kwa sababu mtu mwenye uso mwema ni vigumu kumgombeza. Alimpa kiti na soda. Christine hakuigusa soda. Alieleza yote, kuanzia kiharusi mpaka sinia ya mkate, na akaomba kitu kimoja tu, barua.

"Pole sana, mama," Nduta alisema. "Pole kabisa. Lakini hata kama ilikuwa ugonjwa, si Mungu ametukuzwa?"

"Kwa uongo?"

Gerishon, aliyekuwa akisoma simu yake, akainua kichwa. "Maji yakimwagika hayazoleki. Hiyo kalenda imeenda mbali. Kuna mlevi hapa Kawangware aliona hiyo picha akaokoka Jumamosi. Sasa unataka tuandike barua tuseme ilikuwa uongo?"

"Ndiyo, mzee. Kwa sababu ilikuwa uongo."

"Biblia inasema tusamehe saba mara sabini."

Ajabu ya watu wanaokukanyaga ni hiyo: aya ya msamaha wanaijua kwa moyo, na wanakufungulia mpaka ukurasa. Aya ya kumshuhudia jirani uongo, ambayo imo katika amri kumi na kila mtoto wa Sunday school anaikariri, imewatoka. Christine alisimama.

"Mimi sikukuja kuombwa msamaha, mzee. Hakuna aliyeniomba. Nimekuja kuchukua barua."

"Ya kanisa haiandikwi hivi hivi," Gerishon alisema, na akarudi kwenye simu.

Nduta alimsindikiza mpaka langoni, akamshika bega. Alimwambia atamwombea. Christine aliondoa lile bega polepole, akaenda zake. Njia nzima ya kurudi alikuwa akiomba, lakini si maombi ya kuandikwa kitabuni. Alimwambia Mungu kwamba hasira hii ni Yeye aliyempa, na kama hataki aitumie basi aiondoe kabla ya Jumapili. Jumapili ilifika, hasira iko pale pale.

Alivaa sketi yake nyeusi na blauzi nyeupe ya kwaya, akamwachia Aluoch amtunze mume wake, akaenda tena Kawangware. Aliketi safu ya tano. Alijua jambo moja ambalo kila Mkristo wa Nairobi analijua: saa ya ushuhuda ni ya mwenye kusimama. Mchungaji anaweza kukunyima mimbari, mzee anaweza kukunyima barua, lakini mtu akisimama akasema "Bwana asifiwe", haketishwi.

"Nani ana ushuhuda?" mwongoza ibada aliuliza.

Christine alisimama. "Bwana asifiwe."

"Amen!"

"Tena asifiwe."

"Amen!"

"Mimi naitwa Christine, natoka Soweto West, Kibera. Nimeokoka, nampenda Yesu. Mwezi huu mmefungua kalenda mkamwona mwanamume wa fulana iliyochanika. Huyo ni mume wangu. Anaitwa Nicanor, kwa sababu hata jina hamkumwandikia."

Watu walimpigia makofi. Ndiyo, makofi. Walidhani ndiyo yale mazuri yanaanza, mlevi wao na mke wake. Mama mmoja akaanza kulia kwa furaha.

"Nicanor hajawahi kunywa pombe," Christine aliendelea. "Ana kiharusi."

Katika makanisa yetu, ushuhuda ukienda kombo haukatazwi. Huzimwa kwa wimbo. Mtu huanzisha pambio, wengine wanadaka, na mwenye ushuhuda anaketi mwenyewe bila kuaibishwa. Gerishon, kutoka kiti cha wazee, alimwashiria kwa kichwa kiongozi wa sifa, msichana aitwaye Shiru, na Shiru akaanzisha. Kanisa zima likasimama kuimba. Christine naye akaimba. Aliimba sauti ya pili, kama Nicanor alivyomfundisha, akapiga makofi mpaka pambio likaisha. Watu walipoketi, yeye akabaki amesimama.

"Bwana asifiwe."

"Amen," walijibu, safari hii kwa kusitasita.

"Mliingia kwake nikiwa kazini. Mkaona anayumba. Hakuna aliyemuuliza jirani. Sasa kanisani kwetu amenyimwa meza ya Bwana, na hawezi kujitetea kwa sababu mdomo hauendi."

Gerishon akaashiria tena. Shiru akaanzisha pambio la pili, lakini sauti yake ilikuwa imepungua, na waliodaka ni wachache. Christine akaimba hilo pia, beti zote. Likaisha, bado amesimama. Gerishon akaashiria mara ya tatu. Shiru akainua kipaza sauti mdomoni, akakishusha.

"Siimbi," alisema. "Mzee, mimi siimbi tena. Hiyo picha ni mimi niliipiga."

Vichwa vikageuka kumtazama.

"Na niliwaambia. Si niliwaambia, Mama?" Alikuwa anamwangalia Nduta. "Nilisema huyu hanuki pombe, huyu amepooza, angalia mkono. Mkasema story ya mlevi ndiyo inagusa watu. Mimi nikanyamaza juu ya kuwa mgeni kwa kwaya."

Basi walijua. Christine alikuwa amejiandaa kwa kosa, na kosa mtu hulivumilia. Hakuwa amejiandaa kwa hili. Akachukua mkoba wake, akatoka katikati ya viti. Mlangoni shemasi mmoja alimkimbilia na kikapu cha sadaka, watu walikuwa tayari wanatia noti kumsaidia yule mama wa Kibera. Alikipita kikapu kile bila kukitazama.

Jumatano alasiri Nduta alikuja Soweto West. Alikuja peke yake, bila Gerishon, bila kina mama, bila unga. Alikuwa ameuliza njia kwa watu wengi, na viatu vyake vilikuwa na tope. Alivivua, akaingia, akakataa kiti, akapiga magoti mbele ya kitanda alichoketi Nicanor.

"Baba Whitney, nilikukosea," alisema. "Nilijua, nikaacha iandikwe. Naomba unisamehe." Akatoa bahasha kwenye mkoba. "Barua ni hii. Mume wangu hakuitaka, nimeiandika na kusaini mimi, na mchungaji akapiga muhuri."

Nicanor akataka kujibu. Mdomo ulianza, ukakwama, ukaanza tena, na Christine, aliyekuwa amesimama kando ya jiko, alitamani usifike mwisho.

"Ni-me-sa-mehe," Nicanor alisema. Akainua mkono wa kushoto, akauweka juu ya kichwa cha Nduta. Kisha akamgeukia mke wake. "Chai."

Christine akabandika chai. Ilimuuma kuibandika. Mume wake alikuwa ametoa kwa neno moja kitu ambacho yeye alikuwa amekishikilia kwa meno wiki nzima, na alikuwa na haki ya kukitoa, kwa maana kilikuwa chake. Lakini hasira yake Christine ilikuwa ya kwake mwenyewe, na hakuna wa kuisamehe kwa niaba yake. Alitia majani, akatia maziwa, akatia sukari ya kutosha kama anavyotiliwa mgeni, maana mgeni ni mgeni na Yesu hakutoa ruhusa ya kumnyima. Akamwekea Nduta kikombe mkononi.

Nduta alikuwa bado analia. "Na wewe, Mama Whitney? Umenisamehe?"

"Bado," Christine alisema. "Na sitasema nimesamehe ndiyo wewe ulale vizuri. Nitaomba Mungu anisaidie. Leo bado."

Nduta akainamisha kichwa.

"Kunywa chai kwanza. Ukimaliza tutaanza na hapa kwa Aluoch, tuingie nyumba inayofuata, na nyingine, kila penye hiyo kalenda, mpaka kwa mwinjilisti. Barua yako utabeba, lakini hautaisoma. Utawaambia kwa mdomo wako, vile ulijua si mlevi."

Nduta akakiangalia kikombe, akakinywa mpaka mwisho, akavaa viatu vyake vyenye tope.