Gugu Lililosimama

Felista alijua kupalilia, hilo hakuna mtu Misigiri wa kumbishia. Kosa lake lilikuwa mkono. Mama mkwe wake, Elina, alimkabidhi kibuyu cha mwisho cha ulezi mwekundu alioachiwa na mama yake mzazi, ulezi ambao pale kijijini hakuna mwingine aliye nao, akamwambia, "Mwanangu, mwaga kwa vidole vitatu. Usijaze kiganja." Sababu hakuisema, maana kwao hata mtoto anaijua. Lakini Felista kaolewa kutoka Mtinko, mtu wa mtama na alizeti. Angejuaje?

Akamwaga kwa kiganja, jamani, tena kwa nia njema kabisa. Mvua ilikuwa ya wasiwasi, na ndege nao walitaka chao.

Sasa, lipo gugu linalofanana na ulezi kama pacha. Miaka yote limeishi shambani mwa Elina bila ugomvi. Likiwa na nafasi hulala chini likatambaa, jembe likalipata, na linalobaki haliuzuii ulezi kupata jua. Lakini libanwe uone! Linajinyoosha, linasimama wima kama mwenye shamba. Mwaka huu lilibanwa. Felista aliinama siku nne, akaona mimea minene ya kijani, na mingine myembamba iliyopauka kwa kukosa jua. Akang'oa ile myembamba. Akawatupia mbuzi.

Na sifa alizipata! Wapita njia walisimama kulisifu shamba. Elina, ambaye macho yake yalishaingia ukungu, aliuliza kila siku, "Ulezi umeshatoa masuke?"

Siku alipoongozwa hadi shambani, alipapasa suke moja. Suke la ulezi ule hujikunja kama ngumi ya mtoto mchanga. Hili lilinyooka, jembamba, halina kitu. Akapapasa la pili, na la tatu, na mengine mengi.

Felista akapiga magoti. Alielewa kabla hajaambiwa.

"Mama, nisamehe. Ulezi niliung'oa mimi."

"Wote?"

"Wote, mama."

"Na kibuyuni?"

"Sikubakiza."

Elina hakumgombeza, na afadhali angemgombeza. Alikaa chini kwenye udongo, akanyoosha miguu.

"Siku tuliyomzika mama sikulia," alisema. "Nilijiambia, mbegu yake si ninayo? Njoo ukae hapa, Felista. Nisaidie kumlilia."